Dizeli haikupanda mara tano: tuongee kuhusu ile rula ya pembeni ya grafu

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, ile mamlaka ya nishati ya Kenya, ikishatangaza bei mpya za mafuta, grupu yetu ya ploti hujaa picha. Lazima kuna mtu atatuma grafu, na hiyo grafu lazima ilete ubishi. Ile nakumbuka zaidi ni ya Oktoba 2023, laini tatu kwa picha moja, nyekundu ya petroli, bluu ya dizeli, kijani ya mafuta ya taa, zote zinapanda tu. Jirani mmoja ambaye ana pikapu ya kutoa mboga Marikiti akaandika, "Dizeli imepanda mara tano jameni, si heri nipaki gari." Watu wakamjibu kwa uchungu wa kweli, kwa sababu bei zilikuwa zimeuma kila mtu na hapo hakuna wa kubisha.

Lakini dizeli haikuwa imepanda mara tano. Hapa Nairobi lita ilikuwa 200.99 Septemba, ikaenda 205.47 Oktoba. Hiyo ni nyongeza ya shilingi 4.48, kama asilimia 2.2. Na jirani yangu hakuwa amekosea hesabu, yeye alisoma alichoonyeshwa. Shida ilikuwa pale pembeni kushoto ambapo watu wengi hawaangaliagi, namba ya chini kabisa ya ile grafu ilikuwa 200, si sifuri.

Nimeona huu mkanganyiko mara nyingi sana, kwa mafuta, kwa dola, kwa matokeo ya mitihani, hata kwa hesabu za chama cha akiba, na wengi wetu siku hizi tunatengeneza hizi grafu wenyewe kwa laptopu ama kwa simu, kwa hivyo wacha tuifungue hii kitu polepole.

Mhimili wa wima ni ile laini iliyosimama pembeni ya grafu, yenye namba. Ichukulie kama rula imesimamishwa. Namba yake ya chini kabisa tuiite sakafu, ya juu kabisa tuiite dari. Skeli ni kiasi ambacho kila sentimita ya hiyo rula imebeba, kama ni shilingi mbili, shilingi hamsini ama watu laki tano. Hayo matatu ndiyo yanaamua picha itaonekanaje, na yanaweza kubadilishwa bila kugusa hata namba moja ya data.

Sasa rudi kwa ile grafu ya mafuta. Sakafu 200, dari 218. Dizeli ya Septemba, 200.99, ilikuwa shilingi 0.99 juu ya sakafu. Dizeli ya Oktoba ikawa 5.47 juu ya sakafu. Gawanya hiyo 5.47 kwa 0.99 utapata tano na nusu. Ndio hiyo "mara tano" ya jirani! Jicho halisomi namba kwanza, jicho linapima urefu kutoka chini, na chini ikiwa imeinuliwa hadi 200 basi jicho limeshapotea kabla mwenyewe hajajua. Mafuta ya taa kwa hiyo hiyo picha yalionekana kama yamepanda karibu mara mbili, na petroli kama imepanda mara moja na nusu. Mfukoni mambo yalikuwa tofauti kabisa. Petroli ndiyo ilipanda zaidi, kutoka 211.64 hadi 217.36, shilingi 5.72. Dizeli ikafuata na 4.48. Mafuta ya taa yakawa ya mwisho, 202.61 hadi 205.06, shilingi 2.45.

Ukiwa makini utaniambia, lakini laini ya petroli si ndiyo iliinuka sentimita nyingi kuliko zingine hata kwa hiyo picha? Ni kweli, na hapo ndipo kuna siri ya kusoma grafu ya laini. Haisomwi kwa urefu kutoka sakafuni, inasomwa kwa mwinuko. Grafu ya nguzo ndiyo inasomwa kwa urefu, kwa sababu nguzo ni kitu kizima kinachosimama chini, ukiikata miguu umedanganya watu. Laini haina miguu, lakini sisi tumezoea nguzo, kwa hivyo laini iliyokuwa imelala sakafuni ikiinuka tunaona kama imefufuka.

Nani aliinua sakafu? Mara nyingi hakuna mtu. Programu ilifanya yenyewe. Watu hudhani kila grafu ya namna hii kuna mtu alikaa chini akapanga kudanganya, na wapo wa hivyo, lakini nyingi zinatoka tu otomatiki. Excel kwa mfano ina kanuni yake. Namba zote zikiwa juu ya sifuri, inachukua iliyo kubwa zaidi na iliyo ndogo zaidi kwa laini zote kwa pamoja, halafu inaangalia pengo. Pengo likiwa zaidi ya asilimia 16.67 ya ile kubwa, yaani sehemu moja ya sita, sakafu inakuwa sifuri. Likiwa dogo kuliko hapo inaachana na sifuri na kuinua sakafu karibu na data. Kwa mafuta yetu kubwa ni 217.36, ndogo ni 200.99, pengo ni 16.37, kama asilimia 7.5. Kwa hivyo sifuri ingetupwa hata kama anayeunda grafu ni mtu mwaminifu kabisa.

Sasa ongeza laini ya nne kwa hiyo grafu, tuseme kipande cha sabuni cha shilingi 50. Pengo limekuwa kubwa, sakafu inarudi sifuri, na zile laini tatu za mafuta zinalala flati kule juu kama hakuna kilichotokea. Bei ya mafuta haijabadilika hata senti, kilichobadilika ni jirani wa kwa grafu. Hii ndiyo nataka ushike kabla ya mengine yote: ukiweka laini nyingi pamoja zinagawana rula moja, na kama hujaichagua hiyo rula mwenyewe, laini kubwa na laini ndogo zitakuchagulia.

Kuna wale wakisikia hivi wanaruka upande wa pili wanasema basi kila grafu lazima ianze sifuri. Hapana. Chukua kipimajoto cha zebaki, kile cha kuweka kwapani. Hakianzi sifuri, kinaanzia 35 na kuishia 42, na hakuna mzazi amewahi kulalamika. Mtoto akitoka 36.8 hadi 39.5 unataka kuiona hiyo tofauti haraka sana usiku wa manane. Chora hiyo joto kwa grafu ya kuanzia sifuri hadi 100, utaona laini imenyooka kama barabara ya Outering usiku, na mtoto anaungua. Vile vile dola ikicheza kati ya 129 na 130 mwezi mzima, grafu ya kuanzia sifuri haitamsaidia mtu anayeagiza mzigo. Kwa laini, sakafu inafaa ikae mahali ambapo tofauti yenye maana kwa msomaji inaonekana, na tofauti isiyo na maana isifanywe mlima, halafu uandike wazi kwa kichwa cha grafu kwamba mhimili unaanzia 200 ama 35 ama popote.

Hiyo ni upande rahisi, vitu vya aina moja, vya bei zinazokaribiana. Moto uko kwa laini zisizofanana.

Mfano mzuri ni dola na mfumuko wa bei, kwa sababu watu wanapenda sana kuviweka pamoja. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, ukashuka hadi 2.7 Oktoba 2024. Hiyo ni safari kubwa, Benki Kuu yenyewe lengo lake ni kati ya 2.5 na 7.5, kwa hivyo tulitoka juu ya dari lao tukaenda karibu na sakafu yao. Katikati ya hiyo safari, Januari 2024, dola ilikuwa imepita shilingi 160. Ukiweka zote kwa rula moja ya sifuri hadi 180, kwa karatasi yenye urefu wa sentimita kumi, mfumuko wa bei unatoka nusu sentimita hadi milimita moja na nusu. Milimita nne tu za kushuka! Mtu akiangalia anasema mfumuko haukusonga. Ulisonga sana, rula ndiyo haikuwa yake.

Dawa ambayo kila mtu hukimbilia hapa ni rula ya pili, ile inawekwa kulia. Laini moja inasoma kushoto, nyingine inasoma kulia, na kila moja inajaza picha vizuri. Inapendeza. Na mimi ndio iliniingiza kwa shida, kwa sababu mimi ni katibu wa chama na nilitumia hiyo kitu kwa mkutano.

Nilikuwa na laini mbili, akiba ya mwezi na faini za kuchelewa. Akiba ilikuwa imetoka 180,000 hadi 240,000, faini zimetoka 1,500 hadi 4,200. Nilipoweka kwa rula moja faini zilipotea chini kabisa, nikaweka rula ya kulia. Kushoto sifuri hadi 300,000, kulia sifuri hadi 5,000. Nikapitisha karatasi. Mama mmoja ambaye ni mwanzilishi na hakosangi mkutano akavaa miwani, akaangalia kwa muda, akainua uso akasema, "Katibu, hii ni nini? Faini zimepita akiba?" Na kwa kweli pale mwisho laini ya faini ilikuwa imeikata laini ya akiba na kupita juu yake. Kabla sijafungua mdomo mweka hazina alikuwa anaulizwa pesa zinaenda wapi. Mweka hazina ni mtu msafi sana, na karatasi yangu ndiyo ilimweka hapo, na iliniuma.

Hesabu yake ni hii. Faini 4,200 kwa dari ya 5,000 ni asilimia 84 ya urefu wa grafu. Akiba 240,000 kwa dari ya 300,000 ni asilimia 80. Ndio maana zilikatana. Ningeweka dari ya kulia 10,000 badala ya 5,000, faini zingekuwa asilimia 42 na hazingefika karibu na akiba hata siku moja. Kwa hivyo yale makutano hayakuwa kwa pesa za chama, niliyatengeneza mimi kwa kuchagua namba ya dari. Ni kama kupima watoto wawili kwa mlango, mmoja amesimama chini na mwingine juu ya stuli, halafu useme huyu wa stuli amempita kakake.

Kwa hivyo ukiona grafu yenye namba pande zote mbili, mahali laini zinakutana pasikushtue, hapana maana yoyote. Usiseme "hapa ndipo dola ilipita mfumuko." Shilingi kwa dola na asilimia haviwezi kupitana. Pia usiamini haraka kwamba laini mbili zinazotembea pamoja zinavutana, kwa sababu mwenye kuchora anaweza kuzifinya na kuzinyoosha hadi zilaliane. Mimi binafsi rula mbili naziona zinafaa mahali pamoja tu, pale ambapo ni kitu kimoja kwa vipimo viwili, kama lita na galoni, ama joto kwa Selsiasi na Farenhaiti.

Laini zikiwa za kitu kimoja kwa kipimo kimoja, hapo rula moja ni baraka, kwa sababu hata pengo katikati ya laini linasema kitu. Mskoti William Playfair mwaka 1786 alichapisha grafu ya biashara ya Uingereza na Denmark na Norway, laini ya bidhaa zinazoingia na laini ya zinazotoka, zote kwa pauni, zote kwa rula moja. Zilipokatana kwa grafu yake, kweli biashara ilikuwa imegeuka. Yale mapengo aliyapaka rangi, na yule msomaji wa zamani aliona hasara na faida bila kufanya hesabu.

Na kama laini hazifanani, kuna njia ambazo hazina ule mtego wa rula mbili.

Ya kwanza ni kuanza zote kwa 100. Unachagua mwezi mmoja, unaita thamani ya kila kitu mwezi huo 100, halafu unahesabu kutoka hapo. KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ndivyo hufanya na bei za bidhaa, Februari 2019 ndiyo 100 yao. Ukifanya hivyo na mafuta yetu, Septemba 2023 iwe 100, Oktoba unapata petroli 102.7, dizeli 102.2, mafuta ya taa 101.2. Angalia vile mpangilio umerudi kuwa wa kweli, na jirani yangu hangekuwa na sababu ya kupaki pikapu. Ila njia hii nayo ina mlango wa nyuma, ule mwezi wa kuanzia. Dola ya kama 129 mwaka 2025, ukianzia Januari 2024 ilipopita 160, inaonekana imeshuka hadi kama 80, na unaweza kupigia shilingi makofi. Ukianzia mwanzo wa 2022 ilipokuwa kama 113, hiyo hiyo 129 inakuwa 114 na shilingi inaonekana imelegea. Zote ni kweli. Muulize aliyechora kwa nini alianzia hapo.

Ya pili ni skeli ya logi, na jina linaogofya kuliko kitu chenyewe. Kwa rula ya kawaida kila hatua unaongeza, 100, 200, 300. Kwa skeli ya logi kila hatua unazidisha, 1, 10, 100, 1,000. Inaonyesha ukuaji kwa asilimia, yaani laini mbili zikikua kwa asilimia sawa zinapanda kwa mwinuko sawa, hata moja iwe kubwa kama ndovu na nyingine kama kuku. Chukua sensa. Nairobi ilitoka watu 3,138,369 mwaka 2009 hadi 4,397,073 mwaka 2019. Kaunti ya Lamu ikatoka 101,539 hadi 143,920. Kwa rula ya kawaida ya sifuri hadi milioni tano, kwa ile karatasi ya sentimita kumi, Nairobi inapanda sentimita mbili na nusu na Lamu haifikishi hata milimita moja. Mtu atasema Lamu imelala. Lamu ilikua kwa asilimia 41.7 na Nairobi asilimia 40.1, Lamu ndiyo ilikuwa mbele kidogo! Kwa skeli ya logi laini zao ziko karibu sambamba kabisa. Ukitumia hii kumbuka vitu viwili, logi haina sifuri kwa hivyo mwezi wenye sifuri hauchoreki, na watu wengi hawajaizoea, kwa hivyo andika kwa maneno chini ya picha kwamba kila hatua ni mara kumi.

Ya tatu, ambayo ndiyo naipenda sana siku hizi, ni kuacha kulazimisha laini zote kukaa chumba kimoja. Chora grafu ndogo ndogo, moja juu ya nyingine, miezi ikiwa imepangana, kila moja na rula yake. Jicho linashuka chini linaona Januari hii na Januari ile bila laini kukatana kwa uongo.

Sasa mikono kwa kibodi. Kwa Excel bonyeza mara mbili zile namba za pembeni, panafunguka paneli, tafuta Bounds, hapo kuna Minimum na Maximum, andika zako. Ukishaandika, otomatiki inazimika, na kitufe cha Reset ndicho kinairudisha. Logi iko hapo hapo chini kidogo. Kwa Google Sheets bonyeza grafu mara mbili, nenda Customize, halafu Vertical axis, weka Min na Max. Wale wa Python wenye matplotlib ni ax.set_ylim(0, 250), na ukitaka grafu ndogo kadhaa zigawane rula moja unaweka sharey=True unapoziunda. Gnuplot ni set yrange [0:250]. Ndio hayo tu, dakika moja.

Ripoti ya kila mwezi, tafadhali funga sakafu na dari ziwe zile zile mwaka mzima. Ukiacha otomatiki, grafu ya Machi inaweza kuanzia sifuri na ya Aprili ikaanzia 150, mtu akiziweka kando kando anaona mlima ambao haupo. Hata zile chati za kwenye wavuti ambazo unabonyeza jina la laini inajificha, nyingi zinabadilisha rula pale pale ukificha laini moja, na laini zilizobaki zinaruka juu kama zimeongezeka. Lakini ukishafunga dari usiisahau, kwa sababu namba ikizidi hiyo dari laini inakatwa na msomaji hataona ilifika wapi. Mimi huacha nafasi kidogo juu, na kila robo ya mwaka naangalia kama bado inatosha.

Kwa chama nilirudi mkutano uliofuata na karatasi nyingine. Akiba juu, faini chini, miezi kumi na miwili imepangana, kila moja inaanzia sifuri, na kila moja imeandikwa kwa herufi kubwa "shilingi kwa mwezi." Nilianza kwa kuomba msamaha kwa mweka hazina mbele ya wote. Yule mama akavaa miwani tena, akafuata na kidole ile ya chini polepole, kidole kikasimama. "Katibu, mbona faini za Januari ziko juu hivi kuliko miezi ingine?" Kila mtu mle ndani alikuwa na jibu, karo, na tukakaa hadi saa kumi na mbili jioni tukijadili kama tarehe ya mchango wa Januari isongezwe mbele wiki mbili.